Greda Lililomgomea Bavon

Greda lilipozimika kwa mara ya tano mbele ya nyumba ya Clothilde, hapakuwa tena na mtu kambini aliyesema ni ugonjwa wa mashine. Wote walisema ni Bavon.

Chimène alilisikia jina hilo kabla hata hajashuka vizuri kwenye pikipiki. Alikuwa ametoka Makiso, katikati ya mji, asubuhi na mapema, mkoba wa vipimo mgongoni na laptopu kifuani, akaja akirushwa na mashimo ya barabara ya Banalia mpaka kambi ya wajenzi, kilomita arobaini na mbili kutoka mjini. Vumbi jekundu lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini kasoro, mzaliwa wa Isangi, mwenye karakana yake upande wa Simi-Simi, na kazi yake haikuwa injini wala grisi. Alishughulika na nyaya na kompyuta ambazo mashine za siku hizi hupashana habari kwazo: kompyuta ya injini, ya gia, ya skrini iliyo mbele ya dereva. Zikikosa kusikizana, mashine ya tani kumi na tano hugeuka kuwa chuma tu.

Aliyempokea alikuwa Hugues, mkuu wa kazi pale, mtu mrefu mwenye sauti ya kukwaruza.

"Karibu, mama Chimène. Bon, nakuambia mbele, usichoke bure. Ile mashine haiko na ugonjwa. Iko na mutu."

"Mutu gani, chef?"

"Bavon. Dereva. Timothée akiipanda, inatumika siku nzima, hata kukohoa haikohoi. Bavon akiipanda, inazima. Na haizimi popote. Inazima pale." Alinyoosha kidole kuelekea nyumba moja ya udongo iliyokuwa karibu mno na barabara. "Ile nyumba ni ya dada yake."

Chimène aliangalia. Pembeni mwa nyumba palikuwa na kaburi lenye msalaba wa saruji, na kigingi chekundu cha wapimaji kilikuwa kimechomekwa upande wa pili wa kaburi hilo. Hakuhitaji kuelezwa. Barabara mpya ilikuwa inapita juu yake.

"Mama yao njo analala pale," Hugues alisema. "Tumewaambia tangu mwezi jana: muhamishe. Kila siku ni tonton, mujomba wao, iko njiani, tonton iko njiani. Na Bavon akifika pale na ile niveleuse, ile greda, inazima, na Timothée hataki kupita juu ya kaburi la mama ya mwenzake. Alors, wewe unafikiri nini?"

Alichofikiri Chimène kilikuwa kile kile. Alikuwa amefanya kazi miaka sita kwenye malori ya migodi huko Kolwezi, na alijua watu wanavyoweza kuilaza mashine. Wakati mmoja dereva mmoja alilia mbele yake, akaapa kwa jina la watoto wake, naye Chimène akamtetea mbele ya wakubwa. Baada ya siku tatu fyuzi iliyopotea ikakutwa ndani ya soksi ya mtu yule. Tangu hapo aliacha kuamini machozi. Aliamini vipimo.

"Nani aliishika kabla yangu?" aliuliza.

"Mimi," alijibu mtu aliyekuwa akifuta mikono kwa tambara. Huyo alikuwa Patrice, fundi wa kambi. "Nilibadilisha kompyuta ya moteur, nikatia ile ya niveleuse ya zamani. Haikusaidia kitu. Donc, si mashine. Nimemwambia chef: mutu akitaka kuzima, atazima."

Alisema maneno hayo kwa sauti ya kutosha ili yamfikie mtu mnene aliyeketi juu ya pipa, mbali kidogo na wengine. Bavon hakuinua kichwa. Alikuwa mtu mkubwa kwelikweli, mabega kama mlango, shingo fupi, na mikono yake ilikuwa imetulia magotini kama mizigo iliyotuliwa. Chimène alimsalimu. Akajibu salamu, lakini macho yake yakabaki kwenye mkoba wa vipimo.

Anaogopa nitakachokiona, Chimène aliwaza.

Alipanda kwenye kabini, akachomeka laptopu, akasoma yale ambayo greda lilikuwa limeyaweka kumbukumbuni. Orodha ilikuwa ndefu. Kompyuta ya gia ililalamika kwamba haiisikii ya injini. Ya injini ililalamika kwamba haiisikii ya gia. Skrini ilisema haisikii yeyote. Na malalamiko yote yalikuwa ya dakika ile ile. Jambo hilo lilimwambia kitu kimoja: Patrice alijisumbua bure. Kompyuta moja ikifa, nyingine huilalamikia hiyo moja. Zote zikilalamikiana kwa pamoja, basi kilichokatika ni njia yao, yaani zile nyaya mbili zilizosokotwa pamoja zinazopita mashine nzima na kubeba maneno yao.

Kisha akaomba daftari la zamu. Akalinganisha masaa ya injini na majina ya madereva. Mara zote tano, jina lilikuwa moja.

"Umeona?" Hugues alisema kutoka chini.

"Nimeona, chef."

Alikata betri, akaweka ncha za kipimo chake kwenye soketi ya uchunguzi. Nyaya hizo mbili huwa na kikinzani, kijipande cha kuzuia umeme, cha omu mia moja na ishirini kila mwisho, na zikiwa nzima kipimo husoma nusu yake, sitini. Kilisoma sitini. Akatikisa nyaya chini ya kifuniko cha injini, akavuta kila kiunganishi, akapiga kila kona kwa mpini wa bisibisi. Sitini. Nyaya zilikuwa nzima, na jambo hilo halikumfurahisha hata kidogo. Nyaya nzima zilimaanisha mkono wa mtu.

Akarudisha betri, akamwita Timothée, kijana mwembamba mwenye miguu mirefu aliyekuwa dereva wa pili. Timothée aliendesha greda asubuhi yote, mbele na nyuma, juu ya mawe na ndani ya makorongo, hata mbele ya nyumba ya Clothilde. Halikuzimika. Wafanyakazi waliacha makoleo wakawa wanatazama, na kila greda lilipopita salama, mmoja wao aligeuka kumtazama Bavon.

"Sasa wewe, papa Bavon," Chimène alisema.

Bavon aliinuka polepole. Chimène alisimama kwenye ngazi ya nje, mlango ukiwa wazi, mkono mmoja umeshika chuma na macho yote yakiwa kwenye mikono ya yule mtu. Kama kulikuwa na swichi ya siri, angeiona. Kama angegusa fyuzi kwa goti, angeliona goti. Greda lilitambaa. Mikono ya Bavon ilikaa kwenye vishikio, vidole vikicheza taratibu na kwa ustadi. Walipofika mbele ya kaburi, gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo, kabini ikaruka, skrini ikawa nyeusi. Injini ikashuka sauti, gia zikajitoa, greda likasimama.

Kicheko kikapanda kutoka kwa wafanyakazi. Patrice alipiga makofi mara moja, kana kwamba ameua mbu.

"Mikono yake haikutoka kwenye vishikio," Chimène alisema alipofika chini.

"Basi iko dawa," mtu mmoja alisema nyuma.

"Ama iko na kitu ndani ya kabini," Hugues alisema. "Tafuta, mama. Fungua yote."

Alifungua. Alitoa mazulia, akachungulia nyuma ya redio, akapekua hata mkoba wa Bavon, ambao mwenyewe aliusukuma mbele yake bila kuombwa. Ndani mlikuwa na chupa ya maji, kipande cha kwanga, mkate wa muhogo, kilichofungwa kwa jani, na Agano Jipya lililopoteza jalada. Clothilde alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake, mikono imefungwa kifuani, akitazama kila kitu kilichotolewa. Wanawake hao wawili walitazamana kwa muda, na Chimène ndiye aliyegeuza uso kwanza.

Akaketi kwenye kivuli cha greda, akanywa maji. Mikono haikufanya kitu. Swichi hakuna. Shimo lilikuwa lile lile alilolipita Timothée. Tofauti ni mtu tu. Lakini mtu ana nini kingine zaidi ya mikono? Alimtazama Bavon akitembea kurudi kwenye pipa lake, na pipa likalia alipolikalia.

Uzito, Chimène aliwaza. Akainuka.

Alikata betri tena, akaweka kipimo chini, mahali ambapo wote wangekiona. Akamwomba Timothée aketi kitini. Sitini. Arukeruke. Sitini. Akamwomba ashuke, akamwita Bavon.

"Kaa vile unakaaka wakati wa kazi, papa."

Bavon alipanda. Akakaa. Sitini. Halafu, bila mtu kumwambia chochote, alijivuta nyuma kidogo, akaegemea upande wa kushoto, akajiachia kwa nguvu. Namba kwenye kipimo zikaporomoka mpaka sifuri.

"Basi," Chimène alisema. "Usisogee."

Lakini moyo wake ulikuwa umeshtuka kwa jambo jingine. Alikuwa amemwambia akae. Hakumwambia aegemee kushoto. Mtu huyu alijiweka pale kama mtu anavyofungua mlango wake mwenyewe, ule unaokwama, kwa kuusukuma mahali hasa panapostahili. Alimtazama usoni. Safari hii Bavon alimtazama pia, na kilichokuwa machoni mwake hakikuwa hofu ya kusingiziwa.

Chimène alichukua spana. Alifungua boliti nne, akakiinua kiti kwa msaada wa Timothée. Chini yake, upande wa kushoto, kifungu cha nyaya kilikuwa kimelazwa pale ambapo mguu wa kiti hushukia springi zikibonyea. Plastiki ilikuwa imepasuka, na nyaya mbili zilizosokotwa zilionyesha shaba yao, moja ikiigusa nyingine kila chuma kiliposhuka. Mtu mwembamba hakishushi chuma mpaka pale. Mtu mzito hukifikisha, na shimo likiwa kubwa hukifikisha kwa kishindo.

"Chef, njoo uone," alisema. "Hiki kiti si cha mashine hii. Tazama boliti, ni mpya. Nani alikitia?"

Hugues alichungulia, kisha akageuka polepole kumtafuta Patrice.

"Kile cha zamani kilivunjika," Patrice alisema. "Nikatoa kingine kwa chargeuse ile mbovu, ile ya kupakia udongo. Kilikuwa chini kidogo, nikapitisha nyaya mahali zilipata nafasi. Nani alijua? Ilikuwa miezi miwili, na ilitumika vizuri."

"Ilitumika vizuri na Timothée," Chimène alisema.

"Mimi sikufanya kwa ubaya!"

"Hata sijasema."

Lakini wafanyakazi walishaanza kunong'ona upya, na sasa minong'ono ilielekea upande mwingine. Kwa nini Patrice ndiye aliyepiga kelele kuliko wote? Kwa nini alikuwa mwepesi kusema ni mtu? Patrice alitupa tambara lake chini akaondoka. Chimène aliona jinsi shaka ilivyohama kutoka bega moja hadi jingine bila hata kupumzika, akachukizwa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameibeba asubuhi yote.

Bavon hakushangilia. Alishuka, akaelekea nyuma ya nyumba ya dada yake, na Chimène akamfuata akijifanya anatafuta maji ya kunawa.

"Papa Bavon," alimwambia wakiwa peke yao kando ya migomba, "ulijua."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya migomba, na kutoka barabarani zilisikika sauti za watu bado wakibishana.

"Mara ya kwanza sikujua, mama. Ya pili vilevile. Nilizani hata mimi ni roho ya mama inakataa. Nililia ndani ya kabini, Mungu anaona. Ya tatu njo nikasikia kitu chini yangu kinalia, tik. Nikafahamu kwamba nikikaa vile, inazima." Alifuta uso kwa kiganja. "Mbili za mwisho, ilikuwa mimi. Leo ilikuwa shimo. Leo sikufanya kitu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangetengeneza. Wangetengeneza, ningepita juu ya mama. Tonton Faustin anatoka Yanonge na wazee, watafika kesho ama kesho kutwa. Bila wao, nani atafungua kaburi? Mimi peke yangu na jembe, kama mwizi? Nilimwomba chef siku tatu. Alisema siku tatu nimeziomba mwezi muzima."

"Na watu wakikuita muchawi?"

"Waliniita. Nikavumilia."

Chimène alitamani kukasirika, na sehemu ya hasira ilikuja. Alikuwa amerushwa barabarani tangu alfajiri kwa ajili ya kosa ambalo mtu huyu angelionyesha kwa kidole. Lakini aliiona pia picha ya mwana aliyeketi kwenye kiti cha chuma, amepewa amri ya kulisawazisha kaburi la mama yake. Hakujua angefanya nini yeye.

"Mimi sitamwambia chef," alisema mwishowe. "Lakini akiniuliza, sitamdanganya. Ni afadhali asikie kwako."

Akarudi barabarani. Hugues alikuwa akimsubiri, saa mkononi.

"Inachukua muda gani kutengeneza?"

"Nikifunga kwa mkanda wa umeme, saa moja. Nikitengeneza vizuri, nitahitaji kipande kipya cha waya uliosokotwa na kifuniko kigumu, na viko karakana yangu. Nitarudi kesho kutwa."

Hugues alimtazama kwa macho membamba. "Siku mbili. Wewe ni mutu wa Isangi, hawa wa Yanonge. Nyote mnakunywa maji ya muto mumoja."

Maneno hayo yalimchoma, hasa kwa kuwa yalikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Chimène alijiuliza, hapo hapo, kama angempa mkuu huyu jibu lile lile iwapo kaburi lingekuwa la mtu asiyemjua. Akaona kwamba ndiyo, angelitoa lile lile, ila asingepumua kwa nafuu hivi baada ya kulitoa.

"Chef, mkanda ninao hapa. Sema tu, nafunga sasa hivi. Wiki ijayo utapasuka, mashine itazima ikiwa kwenye mteremko, na utamutafuta mutu mwingine wa kumushitaki. Chagua wewe."

Hugues aliitazama ile shaba iliyokuwa uchi, kisha kaburi, kisha watu wake.

"Kesho kutwa," alisema. "Si siku tatu."

Chimène aliporudi siku ile ya ahadi, alikuta baiskeli na pikipiki zimejaa mbele ya nyumba ya Clothilde. Wazee walikuwa wamefika jana yake jioni kwa mtumbwi wa injini mpaka mjini, na kutoka mjini kwa pikipiki. Asubuhi ile, kabla jua halijakaza, tonton Faustin alikuwa ameomba kwa sauti iliyosikika hadi kambini, kaburi likafunguliwa, na mama yao akahamishiwa nyuma ya migomba ndani ya sanduku jipya. Wanawake walikuwa bado wanaimba polepole. Udongo wa kaburi jipya ulikuwa na unyevu.

Chimène hakusogea karibu. Alipanda kwenye greda, akakata kipande kibovu, akaunga waya mpya, akaupitisha ukutani mwa kabini mbali kabisa na kiti, akaufunga kwa vibanio. Patrice alikuja akampa mwanga wa tochi bila kuombwa. Kazi ilipokwisha, aliomba Bavon aitwe. Bavon alikuja na udongo kwenye suruali, akaketi, akaegemea kushoto, akajiachia. Sitini. Akarudia kwa nguvu zaidi, mpaka springi zikalia. Sitini.

"Bon," Hugues alisema. Halafu akamgeukia Chimène, mbele ya watu wote. "Sasa niambie ukweli, mama. Huyu mutu alijua?"

Chimène alifungua mdomo, lakini kiti kilichokuwa juu yake kikalia, na Bavon akawa ameshuka.

"Nilijua, chef. Tatu za kwanza ni mashine. Ya ine na ya tano ni mimi. Nilikuwa nangoja batonton."

Timothée alitazama viatu vyake. Hugues alilitazama greda, na Chimène, aliyekuwa amesimama karibu naye, aliona misuli ya taya yake ikicheza.

"Tangu leo hutagusa niveleuse," alisema hatimaye. "Timothée ataishika. Wewe utakwenda kwa compacteur, ile ya kushindilia udongo, mpaka nitakapoona vile utafanya. Na wewe Patrice, kila kiti kilichotoka kwa mashine ingine, nataka kuona chini yake kabla ya Jumamosi."

Haikuwa msamaha, lakini Bavon hakufukuzwa pia, na kila mtu pale alijua kwamba wengine wamefukuzwa kwa mambo madogo zaidi. Clothilde alikuja mpaka ukingoni mwa barabara, akasimama.

Timothée aliwasha greda. Likaenda taratibu, bamba lake la kusawazishia likashuka, likapita juu ya mahali palipokuwa na kaburi, likaacha udongo mwekundu uliolala sawa. Chimène alisimama na kipimo mkononi akisubiri skrini izime, kwa mazoea tu, lakini haikuzima.

Nyuma yake kompakta lilinguruma. Bavon alikuwa amelipanda bila kuambiwa mara ya pili. Alipofika pale alivua kofia, akaiweka pajani, akaendelea. Gurudumu kubwa la chuma likapita mara moja, likarudi, likapita tena, kama linavyopita mahali pengine popote pa barabara. Alipofika mwisho wa kipande hicho alivaa kofia yake, na Clothilde akarudi ndani kuwapikia wageni.